Lubumbashi: mbele ya kununua bisi zingine, tuchore upya njia

Saa kumi na moja ya jioni, pembeni ya Poste, katikati ya muji wa Lubumbashi. Bisi moja ndogo inasimama, reseveri anatoa kichwa inje na kuita jina la komine. Watu wanakimbia. Wenye nguvu wanapita mulangoni, vijana wanapita dirishani, na mama mwenye mutoto mugongoni anabaki chini na kitunga chake. Bisi inajaa, inaondoka. Nusu ya njia, mbali na mahali reseveri alitangaza, shofere anasimamisha gari: watu wote washuke, safari imeisha. Palepale reseveri anaanza kuita tena, sasa kwa kipande kinachobaki. Wale wale walioshuka wanapanda bisi ile ile na kulipa mara ya pili.

Watu wa Lubumbashi wanaita hiyo "demi-terrain". Wakaaji wa Kinshasa pia wanaijua sana. Kila mara hasira ya watu inapopanda, tangazo linatoka: demi-terrain imekatazwa, polisi wa barabarani watafuata, wenye kukamatwa watalipa amande. Siku tatu, ine, mambo yanatulia. Kisha yanarudi vilevile, na mara ingine yanarudi na nguvu zaidi, kwa sababu shofere sasa anapaswa kutafuta pia feza za kumupa askari aliyemukamata.

Sisi tunafikiri tangazo halitaponyesha ugonjwa huo, hata likitolewa kila mwezi. Bisi mpya peke yake hazitauponyesha pia. Kinachokosekana ni kitu kisichoonekana kwenye picha za sherehe, siku viongozi wanakata utepe mbele ya magari yaliyopangwa mustari: njia zenyewe. Bisi zetu zinazunguka ndani ya muji ambao haupo tena.

Tukumbuke namna muji huu ulizaliwa. Ulianzishwa mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilifika. Wabeljiji waliuchora juu ya kazi moja: shaba. Wazungu walikaa katikati. Waafrika waliwekwa kando, ng'ambo ya eneo tupu la mamia ya mita ambalo lilikatazwa kujengwa, ili watu wasichanganyike. Kamalondo ilikuja, kisha Kenya, na nyuma, katika miaka ya 1950, Katuba na Ruashi. Kila moja ilifungwa na katikati ya muji kwa barabara yake, kwa sababu mukaaji wa kule alihitajiwa asubuhi kazini, na jioni alipaswa kurudi kwake. Hakuna aliyefikiri kama mutu wa Ruashi angekuwa na neno la kufanya Katuba. Angeenda kutafuta nini?

Mwaka wa 1966 jina la Elisabethville liliondolewa. Njia za magari hazikuondolewa. Mupaka leo bisi karibu zote zinatoka kwenye komine, zinaingia katikati ya muji, zinamwanga watu pale, zinageuka. Ukiishi Ruashi na dada yako akiwa ameolewa Katuba, unashuka kwanza katikati, unatembea kwa miguu kutoka parkingi moja mupaka ingine, unasimama tena kwenye mustari ambao si mustari, unalipa tena. Hapo demi-terrain haijaingia bado. Ikiingia, safari ya gari mbili inakuwa ya gari tatu ao ine.

Na muji umehama. Komine ni saba, na ile ya Annexe inazunguka zingine zote kama mukaba: Kisanga kwenye barabara ya Kipushi, Kasapa upande wa chuo kikuu, Kasungami, Kalebuka, Naviundu. Kule ndiko vijana wanaooa wanapata kiwanja, kwa sababu katikati bei haisemeki. Kazi nazo zimetawanyika. Karakana, depo za malori ya kwenda Kasumbalesa, masoko ya Kenya na Njanja, masomo, hospitali, vyote viko kila upande. Makampuni ya migodi yamefahamu hilo zamani: asubuhi mapema bisi zao zinapita kwenye kartie kuokota wafanyakazi wao na kuwapeleka moja kwa moja kazini. Mwenye kufanya kazi mugodini anapelekwa. Mwenye kuuza nyanya anajitafutia.

Tumuchukue huyo mwenye kuuza nyanya, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa deni la uzembe huu wote. Anaishi Kisanga, anauzia Njanja. Anatoka nyumbani giza ikiwa bado. Kama gari inakatisha njia, analipa mara mbili kwenda, na kila kipande analipa pia juu ya kitunga. Jioni ni mbaya zaidi, kwa sababu watu ni wengi na gari ni chache, basi shofere anachagua. Kitu alichopata kwa nyanya za siku nzima kinabaki ndani ya bisi. Siku ambayo mvua inanyesha na nyanya zinaoza, anakopa feza za kurudi. Mutu kama huyo hatakuja kwenye mukutano wa hoteli kutoa maoni yake juu ya usafiri wa mujini. Hana saa hiyo.

Mwanafunzi wa Kasapa anakosa mutihani. Mama mwenye mimba anachelewa kufika Sendwe. Wote wawili, kama wako na makuta kidogo, wanapanda pikipiki. Wamotari wanafika penye bisi haifiki, na tusiwatukane, wamesaidia muji huu. Lakini pikipiki inayobeba watu watatu na mutoto mumoja usiku, pasipo kofia ya chuma, si jibu la muji wenye zaidi ya watu milioni mbili. Ni ushuhuda kwamba jibu halijatolewa.

Sasa, shofere. Ni rahisi kumwita mwizi. Abiria wanamwita hivyo kila jioni, na yeye anarudisha matusi. Tukae kidogo ndani ya kiti chake.

Mara nyingi gari si yake. Kila jioni anapaswa kupelekea mwenye gari kiasi walichopatana, kile wanaita "versement". Mvua ikinyesha, barabara ikifungwa, askari akimusimamisha mara tano, kiasi ni kile kile. Akikosa siku mbili, kesho yake kijana mwingine amekalia usukani, na vijana wenye permi wasio na gari ni wengi. Mafuta analipa yeye, na bei yake, serikali inaipanga Kinshasa kwa ajili ya eneo zima la kusini, bila kumuuliza. Kinachobaki nyuma ya hayo yote ndicho chakula chake na cha reseveri.

Fanya hesabu naye. Tuseme, kwa mufano tu, njia nzima inalipwa faranka 1000 na gari inabeba watu 18. Akifika mupaka mwisho anapata faranka 18000. Akiikata katikati na kila kipande kulipwa 1000, anapata 36000 kwa mafuta yale yale. Tena saa ya jioni, watu wanajaa upande mumoja tu. Kutoka katikati gari inajaa, kurudi inakuja tupu. Akienda mupaka mwisho wa komine, ndani ya foleni na mashimo, atarudi saa moja nyuma na viti vitupu. Akigeuka nusu ya njia, atawahi kubeba mara ingine mbele ya giza. Mutu mwenye kufanya hesabu hiyo si mwenye roho mubaya. Anajua tu kuhesabu. Tukitaka aache, tubadilishe hesabu yake, si kumupigia kelele.

Ndiyo maana tunaogopa kidogo kila tunaposikia ahadi ya bisi mpya. Si kwamba hatuzitaki. Bisi kubwa inabeba watu wa gari ndogo ine ao tano, na muji unazihitaji. Lakini Kinshasa ilipata Transco mwaka wa 2013, bisi nzuri za kiwandani, watu walicheza barabarani. Kiisha miaka, nyingi zimesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo, wafanyakazi wamefanya mugomo mara nyingi juu ya mishahara yao, na demi-terrain ya Kinshasa haikutoka. Gari ni kitu cha kununua kwa siku moja. Njia zenye utaratibu, saa, vituo, karakana na mutu wa kuhesabu feza kila jioni, hizo hazinunuliwi.

Wafanyabiashara wetu wanaijua Dar es Salaam, maana magari mengi tunayopanda hapa yamepita katika bandari yake. Waulize namna daladala za kule ziko. Kila gari limeandikwa kwenye mwili wake linapotoka na linapokwenda, na liko na rangi ya njia yake. Kibali chake ni cha njia ile, si cha muji muzima. Bei ya njia inajulikana. Shofere akigeuka nusu, wanasema "amekatisha ruti", na hilo ni kosa lenye jina na amande. Hatusemi kama kule ni paradizo. Wanabanana, wanagombana, mashofere wanakatisha bado wakipata nafasi. Hata mwendokasi, zile bisi kubwa zilizoanza mwaka wa 2016 kati ya Kimara na Kivukoni kwenye barabara yao peke yao, zilijaza watu vituoni kwa sababu ya uchache wa magari. Lakini abiria wa Dar anayeshushwa katikati anaweza kuonyesha kwa kidole maandishi ya gari na kusema: hapa si mwisho. Abiria wa Lubumbashi anaonyesha nini?

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza tunayoomba. Si kazi ya mamilioni ya dola.

Mbele ya yote, watu wahesabiwe. Mutu asimame kwenye kila parkingi na kwenye njia panda kubwa, kutoka saa kumi na moja ya asubuhi mupaka saa tatu ya usiku, juma moja la kiangazi na juma moja la mvua, akiandika: gari ngapi zimepita, watu wangapi, wanashuka wapi, wanapanda ingine wapi. Chuo kikuu cha Lubumbashi kiko na wanafunzi wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo; wapewe daftari, maji ya kunywa na posho kidogo. Leo, ukiuliza ni watu wangapi wanatoka Ruashi kila asubuhi na wangapi kati yao hawana kazi yoyote katikati ya muji, kila mutu anajibu kadiri anavyowaza. Huwezi kuchora njia kwa mawazo.

Hesabu hiyo ikipatikana, njia zichorwe upya, na hapa ndipo kuna kazi ya kweli. Tunaamini zitaonekana njia ambazo hazina sababu ya kuishia katikati. Gari linalotoka Ruashi liweze kupita katikati pasipo kumwanga watu, liendelee Kenya na Katuba, kwa bei moja iliyojulikana. Faida ya njia kama hiyo si ya abiria tu. Asubuhi gari linakuwa na watu pande zote mbili, halirudi tupu, na hesabu ya shofere inabadilika yenyewe. Katikati ya muji nako kunapumua, kwa sababu bisi hazilali tena zikizungukana pale zikingojea kujaa.

Kwa komine ya Annexe, tusidanganyane: bisi kubwa haitaingia kwenye kila avenyu. Lakini mara nyingi kinachozuia ni kipande kifupi sana, mutaro ulioboka ao dimbwi moja kubwa ambalo kila mwaka, mvua ikianza kwenye mwezi wa 11, linageuka ziwa. Mashofere wanayajua madimbwi hayo kwa jina. Waulizwe, orodha iandikwe, na magari ya kutengeneza barabara yaanzie pale bisi inapogeukia, mbele ya kwenda kulainisha barabara ambayo tayari ni laini. Pia reli inakata muji, na mahali pa kuipita ni pachache. Njia zikichorwa na mutu aliyekaa ofisini pasipo kusimama pale saa moja ya asubuhi, zitakufa juma la kwanza.

Bei nayo igawanywe kwa vipande kwa ukweli. Anayeshuka nusu ya njia alipe pungufu, anayefika mwisho alipe njia nzima, na karatasi yenye bei hizo ibandikwe ndani ya gari, si kwenye ukuta wa ofisi. Leo bei inakatwa kwa "kosi" moja, iwe ndefu iwe fupi, na ndiyo inayofanya kipande kifupi kiwe kitamu zaidi kwa shofere. Ni sisi tuliompa kishawishi.

Kuna jambo dogo ambalo hatuwezi kulipita. Magari yetu mengi yana usukani wa kuume, kwa sababu yametengenezwa kwa inchi zinazotembelea kushoto, na sisi tunatembelea kuume. Matokeo yake, kwenye gari ambayo haikubadilishwa, mulango unafungukia katikati ya barabara. Mutoto wa masomo anashuka mbele ya lori. Vituo vikiwekwa, viwekwe mahali gari linaweza kutoka barabarani kabisa, na gari jipya la kupewa kibali cha njia liwe na mulango upande wa watu. Nguzo moja yenye jina la kituo na kivuli kidogo cha mabati, hatuombi marumaru.

Tunajua nani atakataa. Wenye magari watasema versement yao itapungua. Labda itapungua siku za kwanza. Lakini wakae na ACCO, chama cha mashofere, mbele ya meya, na hesabu za wanafunzi zikiwa juu ya meza. Kama njia imechorwa vizuri na gari halirudi tupu, kiasi cha kila jioni kinaweza kupatikana pasipo kumuvua mama feza mara mbili. Mwenye gari atakayekataa hata hivyo, ajulishwe kama kibali cha njia yake kuna wengine wanakitaka.

Polisi watasema wanafanya kazi yao. Abiria wanajua ni kazi gani. Ni vizuri kusema wazi kwamba hesabu ya shofere tuliyoiandika juu iko na mustari mumoja ambao haukuandikwa na mwenye gari wala na mufanyabiashara wa mafuta. Mustari ule ukiendelea, utaratibu wowote utageuka njia ingine ya kukamua. Na hapa kuna hatari ambayo inatutia wasiwasi kuliko zingine zote: kibali cha njia kisigeuke kodi mpya. Tumeona vitambulisho, vibandiko, namba za kuchora kwenye milango, kila kimoja kikiuzwa kwa jina la utaratibu, na utaratibu wenyewe haukuja. Kibali kikitolewa, kitolewe kwa bei moja inayojulikana na watu wote, kwa mwaka muzima, na feza zake zionekane kwenye nguzo za vituo. Kama sivyo, ni afazali kubaki na fujo ya bure.

Mutu atauliza kwa nini tunahangaika na bisi wakati jimbo na inchi viko na matatizo makubwa zaidi. Ni kweli viko. Lakini tatizo hili halihitaji mufazili wa inje, wala sheria mpya kutoka Kinshasa. Linahitaji daftari, wanafunzi, rangi ya kupaka magari, na wakubwa wachache wenye kukubali kupanda bisi ya Katuba saa kumi na moja ya jioni, pasipo king'ora mbele.

Na nafasi ya kuanza haiko mbali. Mafuta yatapanda tena, mashofere watalalamika, na karatasi ya bei mpya ya safari itawekwa juu ya meza ya meya ao ya gavana ili atie sahihi. Siku ile, mbele ya kalamu kushuka, karatasi iwe na safu ine: namba ya njia, inapoanzia, inapoishia, na bei ikae ya mwisho.